Nashuti dokumentari ya mpiga picha wa Kijapani anayekuja Kigoma, nianzie wapi?

kamera_ya_mwanga

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi nipo Kigoma mjini, Mwanga, nashuti harusi, sendofu, mikutano na vitangazo vidogo vidogo vya maduka. Sasa imenijia kazi ambayo naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya ila inaninyima usingizi. Kuna dada mmoja Mjapani, mpiga picha, mara ya kwanza alifika huku kupitia watafiti wa kwao walioko Mahale (wenyeji mnajua, Chuo Kikuu cha Kyoto wapo na sokwe wale tangu 1965), na sasa anarudi kwa kazi yake mwenyewe, anataka kupiga picha ziwa na watu wa dagaa, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Atakaa muda mrefu tu. Nilimwomba nimfuate na kamera yangu nitengeneze dokumentari kuhusu yeye anavyofanya kazi, akakubali kwa masharti mawili, hataki kukaa kwenye kiti aeleze picha zake zina maana gani, na hataki kuambiwa rudia hapo nikushuti vizuri.

Sasa mimi nimezoea harusi, kule kila kitu kinatembea, bwana na bibi harusi wanaingia, mashangazi wanacheza, keki inakatwa, wewe kazi yako ni kukimbizana nao tu. Huyu dada anaweza kusimama mchangani lisaa zima anaangalia dagaa walioanikwa, anabonyeza mara moja, anaondoka zake. Mwenzangu ninayeediti naye anasema dawa ni kuweka msimulizi mwenye sauti nzito aeleze mwanzo mwisho na chini yake muziki wa Kijapani, mimi moyo unakataa lakini sina hoja ya kumjibu.

Kwa hiyo naomba msaada kwa waliowahi kufanya kitu kama hiki au walioangalia dokumentari za wapiga picha wa Japani. Mtu wa namna hii unamshutije? Na picha zake zenyewe, zile zilizokamilika, unaziwekaje kwenye video? Na kama nataka mtazamaji ajue Japani kuna wapiga picha gani wengine, naruhusiwa kuchukua picha zao mtandaoni nikazitia humo?

Fundi Lenzi

Karibu sana mkuu, hongera kwa kazi nzuri. Nakuunga mkono kwenye hilo la msimulizi, usimuweke. Na kama unataka hoja ya kumpa mwenzako mwambie akamtafute Kazuhiro Soda, ni Mjapani anayetengeneza dokumentari kwa sheria alizojiwekea mwenyewe, hana skripti, hana msimulizi, hana muziki, anashika kamera mwenyewe, anashuti kwa muda mrefu eneo dogo kwa undani, na mada ya filamu haipangi kabla, anaikuta kwenye kuediti. Filamu yake iliyomtoa ni ya 2007, alimfuata mgombea wa udiwani kwenye kampeni na hakueleza chochote, na bado unaelewa siasa za kule kuliko ungesoma gazeti. Huyo dada yako na masharti yake mawili ni kama amekulazimisha ufuate njia hiyo hiyo, we ifuate tu.

Swali la kwanza la kumuuliza, na hili ni la kiufundi kabisa, anatumia kamera gani? Maana hiyo ndo inaamua wewe usimame wapi. Kama ni kamera ya kuweka jichoni sura yake itajificha kila mara anapopiga, na hiyo ndo sekunde unayoitaka, hapo itabidi ukae ubavuni upate shavu, sikio na kidole. Kama ni zile za lenzi mbili za kushika kifuani na kuangalia chini, Rolleiflex na ndugu zake, umebahatika, kwa sababu mpiga picha anainamisha kichwa na uso wote uko wazi, ukichuchumaa kidogo na lenzi ndefu unaona macho yanavyohangaika kwenye kioo, anasogea hatua moja, anarudi, pumzi inakatika, tiki. Mpiga picha mmoja wa Kijapani, Rinko Kawauchi, amepiga picha zake nyingi kwa kamera ya aina hiyo, za mraba, vitu vidogo vidogo vya nyumbani, mwanga, maji, mikono, na 2001 alitoa vitabu vitatu kwa mpigo vikamfanya ajulikane dunia nzima, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Kimura Ihei ambayo kule ndo kubwa ya wapiga picha chipukizi.

Halafu kama anatumia mkanda, rolo moja kwa kamera hizo inatoa picha 12 tu. Kumi na mbili mkuu, sio elfu mbili kama sisi kwenye harusi. Akimaliza anafungua mgongo wa kamera, anatoa rolo, analamba kile kikaratasi cha gundi, anafunga, anaweka mfukoni, anavaa nyingine. Hiyo ishuti kwa karibu kila inapotokea, usikose hata moja, mikono tu na sauti yake. Mtazamaji akishaona mara tatu jinsi picha zinavyoisha na jinsi anavyozifunga kwa uangalifu, lile lisaa la kusimama mchangani halitamchosha tena, ataanza kusubiri na yeye.

Sauti: pale Kibirizi kuna injini za boti, wapagazi, redio, upepo wa ziwa. Nunua kimanyoya cha maiki, bila hicho utarudi na mvumo mtupu.

mtu_wa_reli

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa kaka. Kwa nini Mjapani? Hapa hapa Kigoma na Ujiji kuna wazee walikuwa na studio, wamepiga picha za pasi na za familia za mji mzima, hakuna hata mmoja aliyefanyiwa dokumentari na wanazidi kuondoka. Isije ikawa tunasubiri mgeni aje ndo tujue picha ni kitu cha kuheshimu.

kamera_ya_mwanga

@mtu_wa_reli hoja yako nimeipokea na naikubali, wazee nawataka pia. Ila huyu dada yupo sasa hivi na ameshanifungulia, na nataka nijifunze kwa kumtazama namna ya kumshuti mtu anayeona, ili hata nikienda kwa mzee wa studio nijue cha kufanya.

@Fundi Lenzi asante sana, ni mkanda, na ni hizo hizo za kuangalia chini.

mzee_wa_dakrumu

Vijana wangu salaam. Mimi ni mmoja wa hao wazee anaowasema mtu_wa_reli, nilikuwa na studio Ujiji, nimesafisha picha kwa mikono yangu mpaka maduka ya kusafisha picha za rangi kwa mashine yalipokuja. Kwa hiyo hili nalisema kwa mapenzi.

Ukitaka kumwelewa mpiga picha wa Kijapani elewa kwanza kwamba wenzetu kazi yao haikuzaliwa ukutani, imezaliwa kwenye kitabu. Ulaya mpiga picha anataka aning'inizwe jumba la makumbusho, Japani kwa miaka mingi mpiga picha alitaka kurasa, magazeti ya picha na vitabu. Mwaka 1968 na 1969 kundi dogo Tokyo, kina Takuma Nakahira, Koji Taki, Yutaka Takanashi, walitoa jarida linaitwa Provoke, matoleo matatu tu likafa, Daido Moriyama aliingia kuanzia la pili. Matatu tu, na mpaka leo dunia nzima inayazungumza. Picha za jarida hilo zilikuwa chengachenga, zimetikisika, fokasi imekimbia, weusi mzito, kwa wakati ule wanafunzi wako barabarani wanapambana na polisi na hawa walisema picha safi iliyonyooka haiwezi kubeba hali ile. Mimi nikiwa studio mteja angenirudishia picha ya namna ile na kudai hela yake! Lakini ukiitazama kwa utulivu unasikia kelele za mtaa.

Huyo Moriyama amezaliwa 1938 na amezeeka akiwa bado anatembea mitaani na kikamera kidogo cha mfukoni. Kuna dokumentari ya 2019 ya Gen Iwama inayomhusu, na uzuri wake ni kwamba mtengenezaji hakuhangaika kumuuliza maisha yake yote, alishika jambo moja, kitabu chake cha kwanza cha 1968 kinavyotengenezwa upya, basi. Mhariri na mchapaji wanakaa na mzee wanakagua picha moja moja, hii ilipigwa wapi, huyu nani, na kumbukumbu zinatoka zenyewe bila mtu kusema hebu tueleze maisha yako.

Hapo ndipo dawa ya sharti lako la kwanza mwanangu. Hataki kueleza picha zake, sawa, usimuulize. Subiri siku anapozimwaga mezani kuchagua. Ashike mbili zinazofanana, aweke hii atoe ile, airudishe, aisogeze kando, anyamaze, acheke mwenyewe. Kuchagua ndiko kueleza. Ningekuwa mimi ningeweka kamera juu ya meza inaangalia chini, na nyingine usoni kwake, nikatoka nje nikanywa kahawa.

Na huyo Nakahira niliyemtaja, mwaka 1977 aliugua kwa ulevi mkali akapoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake na hata lugha, lakini baadaye akarudi kupiga picha, na mpiga picha mwenzake wa kizazi cha chini, Takashi Homma, akamtengenezea filamu. Hiyo inanigusa sana. Mpiga picha kumshuti mpiga picha mwenzake aliyesahau mengi ila hajasahau kutazama. Kwa hiyo wewe wa harusi usijione mdogo, jicho unalo.

bint_wa_katonga

Naomba niseme na mimi maana hapa mnamzungumzia mpiga picha tu na mama yangu ni mmoja wa hao "watu wa dagaa". Mimi nimekulia kwenye ule mchanga. Tangu niko mdogo wanakuja watu na kamera, wazungu, wa mashirika, wa televisheni, na siku hizi kila mtu na droni yake, wanawapiga mama zetu wakiwa wameinama wanageuza dagaa juani, wanasema asante sana, wanaondoka. Mama yangu amepigwa picha nyingi maishani na ndani ya nyumba yake kuna mbili, ya kipaimara yangu na ya kitambulisho. Hizo zingine ziko wapi? Nani anaziangalia? Hilo linaniuma kweli na sisemi kwa kumlaumu huyo dada, hajafanya kitu bado, nasema kwa sababu wewe kaka unaenda kuwa na kamera ya pili juu ya kamera ya kwanza na mama atatazamwa mara mbili.

Sasa naleta mifano ya Kijapani hiyo hiyo kwa sababu nimeifuatilia. Yuko Lieko Shiga, amezaliwa 1980, alihamia kijiji kimoja cha pwani mkoa wa Miyagi kinaitwa Kitakama na akawa ndo mpiga picha wa kijiji, sherehe zao, mikutano yao, na wazee akawa anarekodi simulizi zao. Anaishi nao. Picha zake za ajabu ajabu, zile za usiku ambazo ukiziona unashtuka, alizipiga na wanakijiji wenyewe wakishiriki. Ikaja tsunami ya Machi 11, 2011 ikakikumba kile kijiji na studio yake, na yeye alikuwa miongoni mwa waliookota picha za watu kwenye matope na kuzisafisha ili wenyewe wazipate. Mji wa Yamamoto wa mkoa huo huo peke yake ziliokotwa picha kama 750,000, watu wakakaa wanaziosha kwa maji na brashi laini moja moja. Watu wamepoteza nyumba na ndugu, wanatafuta picha. Picha ni mali ya aliyepigwa pia, ndo ninachotaka kusema.

Mfano wa pili ndo utakusaidia moja kwa moja. Miyako Ishiuchi, amezaliwa 1947, amepiga picha nguo za watu waliouawa na bomu la Hiroshima, nguo zenyewe zimehifadhiwa makumbusho kule, gauni, blauzi, zingine zina maua na zimeshonwa kwa mkono, amezipiga kwenye mwanga ili uone kila uzi. Linda Hoaglund akatengeneza dokumentari mwaka 2012 kuhusu maonyesho ya picha hizo Vancouver, Kanada. Na unajua alifanya nini? Aliwapa nafasi kubwa watu waliokuja kutazama. Mtu anasimama mbele ya picha ya gauni la binti asiyemjua, anaanza kumkumbuka mtu wake mwenyewe. Hakuna haja ya msimulizi hapo, watazamaji ndo wanasimulia.

Kwa hiyo ushauri wangu, mwombe huyo dada asafishe picha za mwanzo akiwa bado yuko huku, mzipeleke Katonga, mzitundike kwa kamba hata pale kwenye chanja, na wewe usishuti picha, washuti mama zetu wakijiangalia. Utasikia maneno ambayo mpiga picha amekataa kuyasema na msimulizi wako hayajui. Mmoja atasema huyu dagaa alikuwa hajakauka, siku ile mvua ilitupiga, huyu aliyesimama nyuma alishahamia Kalemie, ng'ambo Kongo. Hiyo ndo filamu.

kamera_ya_mwanga

Dada @bint_wa_katonga nimesoma ulichoandika nikanyanyuka nikampigia mwenzangu. Habari ya msimulizi imeisha leo. Nimemwandikia pia mpiga picha mwenyewe kuhusu kusafisha picha na kuzipeleka Katonga, amejibu kwa furaha, anasema alishafikiria kuacha nakala kwa kila mtu atakayempiga ila hakuwa amefikiria wazitazame wote pamoja mbele ya kamera, anataka kwanza wenyewe waulizwe kama wanaridhia. Nitahitaji mtu wa pale wa kutupeleka kwa mama zetu kwa heshima, kama utakubali.

Mzee wangu @mzee_wa_dakrumu shikamoo, nitakuja Ujiji. Naomba usinikatalie, natamani huyo dada akutane na wewe na mkae na negativu zako mezani. Nadhani na @mtu_wa_reli hapo atafurahi.

Bado naomba kujibiwa lile la kutumia picha za wengine na namna ya kuweka picha kwenye video.

mzee_wa_dakrumu

Marahaba. Njoo naye. Sanduku lipo, ila baadhi zimeshaliwa na unyevu.

Fundi Lenzi

Nimerudi. Dada amesema kweli tupu, nami naongeza ya kiutendaji.

Picha za wengine: usichukue mtandaoni. Japani hakimiliki inadumu miaka 70 baada ya mtu kufariki, kwa hiyo hata kwa wengi waliokwisha kufa lazima uombe kwa familia au galari inayosimamia kazi zao. Kwa bajeti ya Kigoma achana nazo, mtazamaji hahitaji historia nzima ya Japani. Kama huyo dada ana vitabu vya hao wakubwa kwenye begi lake na anavifungua usiku, shuti anavyofungua, sura yake na kidole chake kwenye ukurasa, na hapo pia picha ikionekana vizuri uulize kabla ya kurusha. Kwake yeye andikishianeni hata karatasi moja, picha zipi, zitaonekana wapi, kwa muda gani. Na kibali cha Bodi ya Filamu fuatilia mapema kwa sababu kuna mgeni ndani ya kazi, na mkienda Mahale au Gombe hifadhi wana utaratibu wao na malipo yao.

Kuweka picha kwenye video: usizumu, usiitembeze, usiikate ijae kioo. Picha yake ni mraba, iache mraba, pembeni kuwe kweusi. Iache sekunde nane, kumi, hata kumi na tano kama ina vitu vingi. Chini yake weka sauti halisi ya pale ilipopigwa, mawimbi, mtu anaita, kishindo cha boti, au usiweke kitu kabisa. Mpiga picha mwingine wa Kijapani, Hiroshi Sugimoto, kwenye picha zake za majumba ya sinema alikuwa anafungua kamera filamu inapoanza na kuifunga inapoisha, filamu nzima inaingia kwenye picha moja, skrini inabaki nyeupe inang'aa na viti vinaonekana kwa ule mwanga. Mtu amesubiri filamu nzima apate picha moja, na sisi tunaogopa kumpa mtazamaji sekunde kumi.

Ratiba nayo angalia. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika na pwani inapoa, kwa hiyo siku hizo ndo za mezani na za Ujiji. Na 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 kupumzisha samaki, ulizia ofisi ya uvuvi kabla dada hajakata tiketi asije akakuta chanja tupu.

mtu_wa_reli

Nimefurahi sana kwa kweli, sina la kuongeza. Ila ukimaliza usiiishie Yutyubu tu kaka. Kule Japani mji wa Yamagata wana tamasha la dokumentari tangu 1989, kila baada ya miaka miwili, na mmoja wa walioliasisi ni mtengeneza dokumentari Shinsuke Ogawa, yule aliyehamia na wenzake wote kijiji cha Magino kwenye mkoa huo huo wakalima mpunga na wakulima zaidi ya miaka kumi huku wanawashuti. Watu wa namna hiyo wataielewa filamu ya Katonga.

bint_wa_katonga

Nimekubali kaka, nitawapeleka. Nishaongea na mama na anasema waje ila wasije asubuhi sana boti zinaposhusha maana hapo hana muda wa mtu, waje saa nne wakati wa kugeuza. Na hizo picha za kupeleka msilete karatasi tupu, zipigeni lamineshen, mikono ya dagaa ina mafuta na mchanga na kila mmoja atataka kushika.